Wasichana wa Box

Miaka ile, msichana wa Kihaya kwenda Kampala halikuwa jambo la baba na mama peke yao. Ukoo ulikaa kikao. Wajomba waliitwa, shangazi zangu wakaja, na katekista akapita "kusalimia" akabaki hadi jioni. Sababu ya kikao hakuna aliyeitamka mbele yangu, ila sote tuliijua. Tangu kabla sijazaliwa, wanawake wa kwetu walikuwa wakivuka mpaka kwenda kujitafutia Kampala na Nairobi, wengi wakikimbia ndoa zilizowachosha, na baadhi wakarudi na fedha za kununua kibanja ambacho ukoo usingewapa kamwe. Enzi za Mwingereza wakubwa wa Bukoba walifikia hatua ya kuwazuia kupanda mabasi na meli bila kibali. Huko mijini jina la mwanamke wa Kihaya likageuka tusi. Sasa binti wa kwetu Kagoma, aliyelelewa kupiga magoti akisalimia na kunyamaza wanaume wakizungumza, naye anataka Kampala. Eti kusoma.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Aliwasikiliza wote huku akitafuna kahawa yake, mwishowe akasema, "Nyerere naye alisoma huko huko."

"Nyerere ni mwanamume," akajibu baba mkubwa.

"Basi na huyu aende, tuone."

Kikao kikaisha, pombe ya rubisi ikamiminwa. Julai 1966 nikapanda meli ya Victoria bandarini Bukoba, sanduku la bati mkononi, nikashukia Port Bell.

Wakati huo nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Mimi nilichukua masomo ya sanaa na ualimu, nikapangiwa Makerere. Wanafunzi wa kike wa kwanza waliingia pale mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Bweni letu liliitwa Mary Stuart Hall, kwa jina la mke wa Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Anglikana la Uganda, mama aliyewapigania wasichana wapate elimu ya juu. Ila jina hilo ulilisikia siku za sherehe. Siku nyingine zote bweni liliitwa Box, na sisi tukawa Boxers. Wavulana walilitamka kwa dhihaka. Wenyewe tulilibeba kama cheo, na hadi leo, nikiwa bibi wa vijukuu, mtu akiniuliza nilisoma wapi, Box inanitoka kinywani kabla ya Makerere.

Kabla ya hapo, wanawake pekee niliowahi kuwaona wakiishi pamoja kwa kujitawala ni masista wa Bukoba, na hao walikuwa wamemwekea Mungu nadhiri. Kule Box hakuna aliyeweka nadhiri ya kitu. Kulikuwa na msichana wa Fort Portal aliyejua hesabu kuliko darasa lake zima la wanaume, binti wa chifu ambaye hakuwahi kufua nguo yake, na watoto wa maskini kama mimi waliokula chakula cha jioni wamevaa joho jekundu huku wakitazamana uma ushikwe vipi. Mgeni wa kiume alisubiri sebuleni. Akija mwingine kumuulizia msichana yule yule, sebule ilijaa watazamaji.

Mapema kabisa wakubwa wa bweni walitukusanya sisi wapya sebuleni. Kila mmoja alisimama, akapewa mada, akatakiwa kuisemea. Mada yangu ilikuwa mahari. Nikainuka, nikainamisha uso kama nilivyofunzwa, nikaanza.

"Hatusikii!" sauti ikatoka nyuma.

Nikapandisha kidogo.

"Hatusikii bado!"

Nadhani nilirudia sentensi ile ile hadi machozi yakanilenga. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeniambia niketi. Yule dada wa nyuma alikunja mikono akangoja. Nilipomaliza, tena kwa sauti ambayo mama angenichapa kwayo, akauliza swali la kunipinga, kwa adabu kabisa, kana kwamba mimi ni mtu wa kupingwa. Kwetu msichana alikemewa, alisifiwa au alinyamazishwa. Kupingwa kwa hoja nilikuwa sijawahi.

Mwenzangu wa chumbani alitoka Masaka, mwanafunzi wa udaktari. Nitamwita Daktari. Nilimkuta amejifungia katika msiba wa nchi yake. Mwezi Mei mwaka ule jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilikuwa limeivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza na Buganda ikawekwa chini ya hali ya hatari. Daktari hakutaka kusikia Kiswahili. Kwake hiyo ilikuwa lugha ya askari waliowapekua barabarani. Basi mimi nikasema Kihaya polepole, yeye akajibu Kiganda, na nusu iliyobaki tukaijaza kwa Kiingereza.

Kilichotufungua ni kahawa. Shangazi alikuwa amenifungia kifurushi cha kahawa ya kutafuna katika ganda la mgomba, ile inayochumwa ingali mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, kisha ikakaushwa. Usiku mmoja nikakifungua. Harufu ilipotanda, Daktari akageuka kitandani.

"Na ninyi mnatafuna?"

"Kwetu mgeni haulizwi shida kabla hajapewa."

Akanyoosha mkono. Kila tunda lina punje mbili zilizolaliana, na tulipolipasua moja, kila mmoja akabaki na yake kiganjani. Tukajikuta tunazungumzia jambo lile lile ambalo babu zetu walilifanya pande zote mbili za mpaka: omukago, undugu wa kuchanjiana. Wanaume wawili walijichanja tumboni, wakapaka damu kwenye punje mbili za tunda moja, kila mmoja akala yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo nyumba ya huyu ni ya yule, deni la huyu ni la yule, na siku ya kifo rafiki anakuwa na sehemu yake mazikoni kama mtoto wa ukoo. Nikasema basi na sisi tuchanjane. Daktari, aliyekuwa na majuma machache tu katika udaktari wake, akasema wembe lazima uchemshwe kwanza. Jiko hatukuwa nalo. Tukala kavu.

Wa tatu alitoka Nyeri, akisomea kilimo. Mashamba ya mafunzo yalikuwa Kabanyolo, nje ya mji, na akirudi jioni viatu vyake vilibaki nje ya mlango kwa amri yetu. Tulimwita Bibi Shamba. Alikulia katika vijiji vya kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, na mtu aliyeona ardhi ya baba yake ikigawiwa wengine haongei juu ya ardhi kwa mzaha. Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967, nilirudi chumbani nimejaa maneno ya ujamaa. Akaniuliza: "Hicho kibanja cha mzee wako, cha kahawa na migomba, mtakiweka kwenye ujamaa?" Nikasema hapana, kile ni cha ukoo. "Na wewe katika ukoo huo una mche wangapi?" Sikuwa na hata mmoja. Alikosea ngeli kama kawaida yake, lakini swali lilinikaa.

Nilirudi nyumbani na shahada mwaka 1969, nikaanza kufundisha. Mwaka uliofuata chuo chetu cha pamoja kikavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Januari 1971 Amin akampindua Obote, na hapo urafiki wetu ukapata jaribu la kwanza, kwa barua. Amin aliurudisha mwili wa Kabaka, aliyekuwa amefia London mwaka 1969, ukazikwa kwa heshima, na Buganda ikamshangilia. Daktari aliniandikia kurasa nne za furaha. Nchi yangu ilikataa kumtambua Amin, nami nilikuwa mwalimu wa Nyerere hadi kwenye kucha. Nikamjibu kurasa sita. Tulitukanana vizuri, kwa hoja zenye namba, kama sebuleni. Septemba 1972 ndege za Amin zikadondosha mabomu Bukoba. Barua yake iliyofuata haikuwa na hoja. Aliuliza tu kama mama yangu yu hai.

Kisha barua zikawa adimu. Mwaka 1976 nilisikia redioni habari iliyonikata miguu. Mwanafunzi wa Kikenya wa Makerere, Esther Chesire, alitoweka baada ya kukamatwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Miezi michache baadaye mlezi wa Africa Hall, bweni jingine la wanawake, Theresa Nanziri Bukenya, akauawa akiwa mja mzito. Nilikaa na redio ile nikijiuliza ni nani sasa anayesimama mlangoni kwa wasichana wale. Kwa Daktari ilikuwa hatari hata kupokea bahasha yenye stempu ya Tanzania, hivyo barua zangu zilipitia kwa Bibi Shamba, Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka wa Kenya ukafungwa. Tangu hapo zilizunguka London, kwa mwenzetu mmoja wa Box aliyekuwa akiishi huko, na habari ya mtoto kuzaliwa ilinifikia mtoto akiwa anatambaa.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia nchi yetu hadi mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa Missenyi, kule mpakani, walishuka kusini na magodoro, mbuzi na wazee migongoni. Barabara ya Bukoba kwenda Biharamulo inapita Kagoma, kwa hiyo sisi tuliona kila kitu: asubuhi wakimbizi wakielekea kusini, usiku malori ya jeshi yakielekea kaskazini taa zimezimwa. Madarasa yakawa mabweni. Tulipika ndizi kwenye mapipa, na sijui niseme nini zaidi juu ya miezi ile, wengine wameieleza kunishinda.

Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Daktari alikuwa hospitali ya Mulago. Baadaye alinisimulia jinsi majeruhi wa Kitanzania walivyoletwa wodini kwake, vijana wasiojua Kiganda wala Kiingereza, wakiita mama zao. Kiswahili alichokikataa mwaka 1966, nami nikakimwaga chumbani mle mwaka baada ya mwaka kwa ukaidi, kikamtoka. "Unaumwa wapi, mwanangu?" Kijana mmoja akamuuliza kama yeye ni mtu wa Bukoba, maana lafudhi yake ni ya huko.

Ingekuwa hadithi ya kubuni ningeishia hapo. Lakini Februari ile jeshi letu lilipoiteka Masaka, mji ulibomolewa kwa baruti, kisasi cha yaliyofanywa Kagera. Nilikwenda kumwona vita vikiwa vimetulia. Barabara kuu ya Masaka ilikuwa kuta bila mapaa, magugu yakichungulia madirishani. Nyumba ya baba yake nayo ilikuwa hivyo. Tulikuwa tumekaa kibandani nyuma yake, mama mtu akimenya ndizi, Daktari akasema kwa Kiswahili, makusudi nafikiri:

"Nyumba ya baba haikuwa na Amin ndani."

"Na ya dada yangu kule Missenyi haikuwa na Nyerere ndani."

"Dada yako alilipwa na nani?"

"Na wewe unataka nikulipe mimi?"

Mama yake akainua kisu cha kumenyea, akasema kitu kwa Kiganda ambacho maana yake ni kwamba ndizi zikiiva tutakula, na wasiokula watalala nje. Tukala. Tukaendelea kubishana hadi taa ya mafuta ikaisha, na asubuhi hatukusemezana mpaka stendi. Aliposhika mlango wa basi alinipa kifurushi cha kahawa. Hakuomba radhi, wala mimi. Nilimwandikia Bibi Shamba nikitaka anipe haki yangu, naye akajibu kwa mstari mmoja kwamba ameshapokea barua kama hiyo kutoka Masaka na hasomi kesi mbili kwa wiki.

Ugonjwa ulipokuja ndipo nilipojua thamani ya mtu unayeweza kugombana naye. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Sisi tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovushwa mpakani enzi hizo. Ng'ambo ya mpaka waliuita Slim. Watu walisema ni uchawi, ni wivu wa biashara, ni deni la magendo lisilolipwa. Nikamwandikia Daktari: niambie ukweli usiopambwa. Akanijibu kwa mkono wa dereva wa lori. Ilikuwa barua ya kitabibu, jinsi unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza, kwa maneno ambayo mwanamke wa heshima hapa Kagoma hayatamki. Mwishoni aliandika: "Munnange, rafiki yangu, wasomee watoto wako kwa sauti. Hadi wa nyuma wasikie."

Niliwasomea wasichana wa madarasa ya juu. Wazazi wakaja juu, mkaguzi mmoja akataka kujua nimepata wapi mtaala huo, na paroko, tofauti na nilivyotarajia, alikaa kimya, na kimya chake kikanisaidia. Sitadai kwamba niliokoa watu. Wengi wa waliosikia siku ile niliwazika.

Mdogo wangu naye alirudi nyumbani mjane, na watoto, shemeji zake wakiwa wamemfukuza kibanjani matanga hayajaisha. Baba alikuwa amekwishafariki. Ukoo ukasema alale kwa mama, ale ndizi, ila sehemu ya kibanja asiombe: mwanamke hula shamba la ukoo, halimiliki. Ndiyo mila, na ilikuwa imeandikwa kabisa.

Lakini mwaka 1990 hukumu ilitoka ambayo kila mwanamke wa wilaya yetu ya Muleba anapaswa kuijua. Bibi mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza. Mpwa wake akamshtaki Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hapa hapa wilayani kwetu, kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Wazee walisema jaji huyo hana dada.

Kikao cha ukoo kilipoitwa juu ya mdogo wangu, wanawake tulikaa kwenye nyasi chini kama ilivyo desturi. Zamu yangu ilipofika niliinuka. Mzee mmoja akasema, "Mama Mwalimu, keti tu, tunakusikia."

"Wa nyuma hawanisikii," nikamjibu.

Niliwaambia habari ya Holaria. Niliwauliza swali la Bibi Shamba, kwamba binti za nyumba hii wana miche mingapi. Nikawapinga mmoja mmoja, kwa majina na kwa heshima zao zote, ta huyu na ta yule, mpaka kaka yangu mkubwa akachoka. Mdogo wangu alipata kipande cha pembeni, chenye mibuni iliyozeeka na mawe mengi. Ni kidogo kuliko haki yake, na nilisema hivyo siku hiyo hiyo. Lakini amejenga pale, na mwanawe wa kike ndiye anayekilima sasa.

Bibi Shamba tumekwishamzika, Nyeri, kwenye mvua. Zawadi yake ya mwisho kwangu ilikuwa ya kikazi. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba, migomba ikawa inanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza, nami nikampigia simu nikilia. Hakunipa pole. Aliniuliza kama nakata kwa panga lile lile kutoka mgomba hadi mgomba. Kisha akanielekeza: chukua mti mrefu wenye panda, nasa ua dume, zungusha mpaka likatike, usiliguse kwa chuma, panga likikata mgomba mgonjwa, lichomwe motoni kabla ya kugusa mwingine. "Daktari alitaka wembe uchemshwe, mkamcheka," akasema. Nilizunguka na mti ule kijijini nikiwaonyesha majirani, na wanaume waliokuja kuangalia bibi kizee anapigana na maua waliondoka wamekata panda zao.

Daktari yupo Masaka, amestaafu, masikio yamepungua, kwa hiyo simu zetu husikika hadi barabarani. Tetemeko la Septemba 2016 lilipoangusha nyumba Bukoba na vijijini, alituma mabati, na risiti, na maelekezo ya jinsi ya kuyapigilia. Bado hajanisamehe Masaka, nami bado sikubali kwamba ni mimi wa kusamehewa. Sasa tunagombania mazishi yangu. Anadai, kwa kahawa ile ya mwaka 1966, akae mbele pamoja na wanaukoo na apewe nafasi ya kusema. Vijana wa ukoo wanasema omukago ulikuwa wa wanaume, halafu ule haukuwa na damu. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba atakaa mbele, atasema, na asipewe kipaza sauti, kwa kuwa hatakihitaji. Nakala moja nimeiacha parokiani. Nyingine anayo mwenyewe, na ameshaisahihisha kwa wino mwekundu.